Siku 12 Guangzhou na siku 3 Dubai: nifanye nini ili nisikatike na Lubumbashi?

Mama wa Vitenge, soko la Kenya

Jambo yenu wote. Nauza vitenge na nguo za watoto katika soko la Kenya, hapa Lubumbashi, tangu miaka 14, na mpaka sasa mizigo yangu nilikuwa nikiichukua Kasumbalesa, mpakani na Zambia, au kwa wakubwa wanaoleta makontena. Mwezi ujao nitasafiri mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nitapanda ndege Luano, nitabadilisha Addis Ababa, nitakaa Guangzhou siku 12, kisha nitarudi kwa njia ya Dubai, ambako nitalala siku 3.

Kila kitambaa nitakachokishika kule nataka nikipige picha na kuwatumia wateja wangu kwenye WhatsApp, wachague wenyewe, kwa sababu pesa nyingi nitakazobeba ni zao na sitaki kununua kwa kubahatisha. Halafu mama yangu mzazi ana presha. Binti yangu humpima kila jioni na kunitumia picha ya namba za mashine, na siwezi kukaa siku 15 bila kuona namba hizo. Zaidi ya hayo, wateja wengine watanilipa kwa M-Pesa nikiwa bado njiani.

Nina Samsung ya laini mbili. Mtoto wa dada yangu ananishauri niiuze ninunue iPhone 14 iliyotumika, kutoka Marekani, akisema ndiyo simu ya msafiri. Rafiki yangu wa sokoni alisafiri mwaka jana, akaweka uniti za dola 40 kabla ya kuondoka, na zikaisha hata kabla hajatoka uwanja wa ndege wa kule. Tangu siku hiyo hakusikika tena mpaka aliporudi. Naomba mnieleze kwa utaratibu, kama mnavyomweleza mtu asiyejua.

Fundi wa Simu, Kamalondo

Jambo mama. Nitaanza na simu yenyewe, kwa sababu hapo unaweza kupoteza pesa leo leo. Usiiuze Samsung yako. iPhone 14 na zile zilizofuata, zikiwa zimetengenezwa kwa soko la Marekani, hazina kabisa tundu la kuingizia laini; zinapokea e-SIM tu, yaani laini isiyo na kadi, inayoandikwa ndani ya simu kwa kupiga picha mraba wa QR. Wateja wameniletea simu za namna hiyo hapa kibandani wakiniuliza laini inaingia wapi, nami nikageuza simu pande zote nne mbele yao ili waone wenyewe kwamba hakuna mahali. Kwako, mwenye laini ya Kongo iliyobeba WhatsApp na M-Pesa, tundu mbili za Samsung ni mali.

Sasa piga *#06# kwenye Samsung hiyo. Utaona namba za IMEI, yaani namba za utambulisho wa simu. Ikiwa chini yake kuna namba ndefu inayoitwa EID, basi simu yako inapokea e-SIM pia. Ikiwa haipo, usihuzunike, njia nyingine zipo.

Jambo la pili ndilo ambalo watu wengi hawalielewi, na ndilo lililomnyamazisha rafiki yako uniti zake zilipoisha. Ndani ya China, WhatsApp, Facebook, Instagram, YouTube na karibu kila kitu cha Google, pamoja na Gmail na ramani, vimefungwa. Lakini kinachofungwa ni njia, si simu. Ukitumia Wi-Fi ya hoteli au laini uliyonunua kule, maneno yako yanatokea kwenye mlango wa China, na mlango huo hauzipitishi huduma hizo. Ukitumia laini ya Kongo katika rominga, yaani laini ya nyumbani ukiwa nchi nyingine, mnara wa China unakubebea data tu. Data yenyewe inapelekwa kwanza kwa mtandao wako wa nyumbani, na kutoka huko ndipo inaingia duniani. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kukaa meza moja hotelini, mmoja mwenye rominga akawa anaongea na watoto wake kwenye WhatsApp, na mwenzake mwenye Wi-Fi yenye nguvu kuliko yake akawa anatazama alama ya saa isiyogeuka kuwa tiki.

e-SIM ya wasafiri inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo, na bei yake mara nyingi ni ndogo kuliko rominga ya kawaida. Nyingi zinazouzwa kwa ajili ya China hutokea Hong Kong au Singapore, ambako WhatsApp haijafungwa. Muulize muuzaji swali moja tu kabla ya kulipa: data hii inatokea nchi gani? Na uiandike ndani ya simu ukiwa bado Lubumbashi, kwa Wi-Fi nzuri, kwa maana ukifika kule ukurasa wa muuzaji unaweza kukataa kufunguka.

Kuhusu zile dola 40: simu ya siku hizi haikai kimya. Ukiwasha data baada ya kutua, programu zote zinaamka pamoja, picha zinajihifadhi, masasisho yanashuka, na video za makundi ya kanisa na familia zinajipakua zenyewe. Kabla ya safari, ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa peke yake wa picha na video unapokuwa kwenye data na unapokuwa kwenye rominga. Zima pia masasisho ya duka la programu. Halafu nenda kwa mtandao wako ununue kifurushi cha rominga chenye jina la China ndani yake. Uniti tupu bila kifurushi huhesabiwa mega kwa mega, kwa bei inayoumiza.

Msafiri wa Xiaobei, Kampemba

Mama, nimekwenda Guangzhou mara 6, na yote aliyoyaeleza fundi ni ya kweli. Mimi nitakuongezea mambo ya kule kule, kwa sababu WhatsApp itakuunganisha na nyumbani, lakini haitakuunganisha na mtu anayekuuzia kitambaa. Kule kila kitu ni WeChat, programu yao ya ujumbe na malipo: bei, picha, risiti, mahali pa ghala, hata saa ya dereva. Katika soko la vitambaa la Zhongda, muuzaji hakupi kadi ya jina. Anakugeuzia simu yake yenye mraba wa QR, unaupiga picha, na biashara imeanza.

Fungua WeChat ukiwa hapa Lubumbashi. Nasema hapa, si kule. Unapofungua akaunti mpya, mara nyingi programu inakutaka umtafute mtu mwenye akaunti ya muda mrefu apige picha mraba wako ili akuthibitishe, na mtu huyo asiwe amemthibitisha mwingine hivi karibuni. Hapa mjini utampata kwa urahisi miongoni mwa wanaosafiri. Mimi safari ya kwanza nilifungua nikiwa hotelini Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wenye Waafrika wengi, saa 4 usiku, na nilizunguka vyumba vya Waafrika wenzangu nikiomba, hodi kwa hodi, mpaka Mkamerun mmoja akanifungulia akiwa na taulo begani, akanisaidia. Siku nzima ya soko ilikuwa imekwisha bila mimi kupata hata muuzaji mmoja.

Weka na Alipay pia, programu ya kulipia. Tangu 2023 wageni wanaweza kuunganisha kadi ya Visa au Mastercard ya nchi yao kwenye Alipay au WeChat na kulipa teksi, chakula na treni. Malipo yasiyozidi yuan 200 kwa mara moja hayana ada, yakizidi hapo unakatwa asilimia 3. Benki yako itatuma namba ya siri kwa SMS kwenye laini yako ya Kongo, kwa hiyo laini hiyo lazima iwe inapumua. Hapo ndipo mimi nilipoumia.

Safari ya pili, ili kuokoa pesa, niliitoa laini yangu ya Kongo nikaweka ya China, nikaifunga ile ya Kongo katika karatasi ya risiti na kuitia mfukoni mwa koti. Siku ya tatu nilisafisha mfuko. Ile karatasi niliitupa kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa siku 9 sikuweza kupokea namba ya benki, wala ya M-Pesa, na niliporudi nilitumia asubuhi mbili nzima katika foleni ya kurudishiwa namba yangu, kwa sababu niliiandikisha zamani kwa kitambulisho ambacho kilikuwa kimepotea. Laini ya Kongo isitoke ndani ya simu, mama. Ibaki katika tundu la kwanza, data yake ukiizima kama hutaki ikate, lakini yenyewe ibaki imewashwa. Kupokea SMS katika rominga kwa kawaida hakukatwi pesa. Kupokea simu kunakatwa, kwa hiyo waambie watu wa nyumbani wasipige kwa njia ya kawaida.

Tundu la pili ndilo la laini ya China, ikiwa utaitaka. Utaandikishwa kwa pasipoti na kupigwa picha ya uso, na inaweza kuchukua nusu saa. Wengine wanaona haina haja kwa siku 12. Mimi naiona ina faida, kwa sababu Wi-Fi nyingi za hadharani kule hutuma namba ya kuingilia kwa SMS na hupendelea namba ya China, na dereva anayekutafuta nje ya ghala hatapiga +243.

Kijana wa Njia ya Kasumbalesa

Mimi ninakwenda Zambia kila wiki kwa kazi ya malori, kwa hiyo niwaongezee la mpakani, maana si kila mtu anapanda ndege. Ukikaribia Kasumbalesa, simu inaweza kudaka mnara wa Zambia ukiwa bado upande wetu, na usipoangalia unaanza kukatwa bei ya rominga ukiwa unakunywa chai Kongo. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio, kuzima rominga ya data, na kuchagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague yenyewe.

Kwa upande wa China, nashangaa hakuna aliyetaja VPN, programu inayopitisha data yako kwenye mtandao wa nchi nyingine. Mama aweke VPN ya bure, atumie Wi-Fi ya hoteli, asilipe chochote.

Msafiri wa Xiaobei, Kampemba

Mdogo wangu, ushauri wako wa mpakani ni mzuri, lakini huu wa pili simshauri mama aufuate. Kule, VPN inayoruhusiwa ni ile yenye kibali cha serikali, na hizi za bure hazina kibali hicho. Nyingi pia hukatika mara kwa mara, asubuhi inafanya kazi na jioni imekufa, tena hujui ni nani anayesoma kinachopita ndani yake. Mtu anayebeba pesa za wateja wake na namba za siri za benki hawezi kuzipitisha mahali asipopajua. Rominga na e-SIM ni njia halali, zinauzwa waziwazi, na zinatosha.

Niliyeishi Deira, sasa Katuba

Mama, niruhusu nikueleze Dubai, ambako nilifanya kazi miaka 5. Kule WhatsApp inafunguka vizuri, ujumbe na picha zinakwenda, sauti za kurekodi zinakwenda. Kinachofungwa ni kupiga: simu ya sauti na ya video ya WhatsApp haishiki ukiwa kwenye mtandao wa kule, na watu wengi hudhani ni simu yao iliyoharibika. Wenyeji hutumia programu zilizoruhusiwa, hasa Botim, lakini mtu wa upande wa pili lazima awe nayo pia. Kwa hiyo mwekee binti yako Botim kwenye simu yake kabla hujaondoka, mjaribu kupigiana mkiwa chumba kimoja, ili siku ile asianze kujifunza mbele ya bibi yake.

Wi-Fi ya uwanja wa ndege wa Dubai ni ya bure, na itakutosha kutuma ujumbe kwamba umefika.

Na jambo la saa, ambalo ni dogo lakini linaumiza moyo wa mzazi. Guangzhou iko mbele ya Lubumbashi kwa saa 6, Dubai kwa saa 2. Binti yako akimpima bibi saa 1 jioni, kwako Guangzhou ni saa 7 usiku na umelala. Afadhali apime mara ya pili asubuhi saa 1, ambayo kwako ni saa 7 mchana, ili mkaweze kuongea ukiwa macho.

Mama wa Vitenge, soko la Kenya

Aksanti sana, aksanti kwa wote. Nimepiga *#06# na EID haipo, kwa hiyo e-SIM nimeiacha. Leo asubuhi nimekwenda kununua kifurushi cha rominga na nimemwomba kijana wa dukani anionyeshe jina la China kwenye orodha kwa kidole chake, akanionyesha. WeChat imefunguka, aliyenithibitisha ni jirani yangu wa meza ya viatu, ambaye sikujua kabisa kwamba anayo. Na binti yangu tumekubaliana apime saa 1 asubuhi na saa 1 jioni.

Nimebaki na maswali mawili. M-Pesa nitaionaje nikiwa kule? Na nikiweka laini ya China kwenye tundu la pili, WhatsApp haitabadilika kuwa namba ya China? Wateja wangu wananijua kwa namba moja tu.

Fundi wa Simu, Kamalondo

Mama, nianze na la pili. WhatsApp hushikilia namba uliyoandikishia, haijali ni laini gani inayoleta data. Ukiingiza laini mpya, simu inaweza kukuuliza kama unataka kubadilisha namba; kataa, endelea na ile ya zamani. Usiifute programu na kuiweka upya ukiwa kule kwa sababu yoyote. Duka la Google halifunguki kwa njia ya China, na WhatsApp ikiwekwa upya itataka namba ya uthibitisho ya tarakimu 6 kwa SMS kwenye laini ya Kongo.

M-Pesa ni jambo la kutazama kwa makini zaidi. Ile menyu ya *1122# haipiti kwenye Wi-Fi wala kwenye mega. Inapita kwenye mnara wa simu, na katika rominga inategemea makubaliano ya mtandao wako na mtandao wa kule. Usiiwekee matumaini yote. SMS ya kwamba pesa imeingia utaipata, mradi laini imewashwa na imeshika mnara, na hiyo inatosha kumjibu mteja. Kuitoa pesa hiyo au kuituma kunaweza kukusubiri mpaka Luano. Ikiwa kuna malipo ambayo lazima yafanyike hapa katikati ya safari, kodi ya ghala au dawa za mama mzee, pesa yake iweke kwa binti yako kwenye namba yake mwenyewe kabla ya kuondoka. Usimwachie namba yako ya siri.

Kuna moja ambalo hukuliuliza, nami nitalala vibaya nisipolisema. Simu inaweza kuibiwa au kuanguka. Nakala ya mazungumzo yako ya WhatsApp, kwenye simu za Android, huhifadhiwa kwa Google, na Google kule imefungwa. Ukinunua simu mpya Guangzhou ukatumia Wi-Fi ya hoteli, hutaipata. Basi fanya hivi wiki hii. Weka ile namba ya siri ya tarakimu 6 ya WhatsApp, katika mipangilio ya akaunti, ili mwizi asiweze kuiandikisha namba yako kwenye simu nyingine. Ifunge pia laini yenyewe ya Kongo kwa PIN. Kisha unganisha WhatsApp yako na simu ya zamani ya binti yako kama kifaa cha pili. Vifaa vilivyounganishwa vinaendelea kufanya kazi hata simu yako kuu ikiwa imezimwa, mpaka siku 14, naye ataweza kuwajibu wateja wako kwamba upo salama.

Namba za wateja 10 wakubwa, ya binti, ya hoteli na ya ubalozi wetu kule Beijing, ziandike kwa kalamu kwenye karatasi na uiweke ndani ya pasipoti. Chaja ya mkononi, yaani pawabenki, ibebe kwenye mkoba wa mkononi, isiingie kwenye mzigo wa chini. Na ukipanda ndege ya ndani ya China, kwa mfano kwenda Yiwu, tangu Juni 2025 chaja ya namna hiyo isiyo na alama ya 3C, alama ya usalama ya China, hairuhusiwi kuingia ndegeni. Pita kibandani Jumamosi na simu zote mbili, yako na ya binti, tuziunganishe pamoja. Nafungua saa 2 asubuhi. Ukija mapema, umeme unakuwa bado upo.